Jiko Lililopotelea Mbali

Bi King'ora aliingia mtaani asubuhi moja ya jua la wastani, akiburuta sanduku lenye gurudumu moja zima na jingine lililozunguka pale tu lilipojisikia. Alisimama mbele ya kibanda cha kinyozi kuvuta pumzi. Kinyozi alikuwa anamnyoa mzee mmoja ndevu. Alimtazama mgeni kupitia kioo, akasema, "Karibu, mama," na kibanda kikasogea hatua moja kuja alipo. Mabati yalilia kidogo. Kinyozi aliinua wembe mpaka kibanda kilipotulia, kisha akaendelea na shavu la kushoto.

"Asante," alisema Bi King'ora, akavuta sanduku lake akaenda zake.

Hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na watoto kadhaa walizaliwa nyuma yake wakati yeye anakwepa mashimo. Jina la King'ora walimpa wenzake wa kazini, likamganda. Alikuwa ameizunguka nchi nzima bila kuona kona yake hata moja. Alichojua katika kila mji ni geti la hospitali, na watu aliowapita aliwaona ubavuni tu, wamejibanza ukutani au mtaroni wakimpisha. Hakuna binadamu aliyewahi kumuona Bi King'ora anakuja akabaki pale pale.

Alipostaafu aliapa kwamba sasa atasafiri taratibu. Atakwenda mtaa mmoja, akae mpaka aushibe, ndipo ahamie mwingine. Watoto wake walimsihi atulie nyumbani alee wajukuu. "Mama, huko unakwenda kufika wapi?" aliuliza mkubwa wao. "Sitaki kufika," alijibu. "Nimefika maisha yangu yote. Nataka kwenda." Wakamwacha, maana yule mama akishakata shauri hata breki hazimshiki.

Tatizo ni kwamba kwenda taratibu alikuwa hajui. Mguu wake wa kulia ulizoea kukanyaga mafuta, kwa hiyo akitembea ulitangulia mbele peke yake na wa kushoto ukafuata shingo upande. Tena mtu akimtangulia njiani kwa mwendo wa pole, koo lake lilianza kutoa sauti nyembamba, ikipanda na kushuka, mpaka yule mtu arukie pembeni. Alikuwa anaomba radhi kila mara, na kila mara waliomsamehe walikuwa wanahema.

Nyumba aliyopanga chumba ilikuwa katikati ya mtaa. Mwenye nyumba alimsubiri barazani, mwanamke mnene wa sauti, mikono kiunoni, funguo zikining'inia shingoni. Alimwonyesha chumba. Kilikuwa na kitanda, meza, kabati lisilofunga vizuri, na dirisha kubwa linalotazama uani, na ng'ambo ya ua uwanja wa mpira, na ng'ambo ya uwanja nyika tupu ya majani. Pembeni mwa mlango palikuwa na vistari vya kalamu vya kupimia kimo cha mtoto, vimepakwa rangi juu lakini rangi imekataa kuvifunika. Bi King'ora alikaa kitandani, akakipenda chumba kile papo hapo.

"Na jiko liko wapi?" aliuliza.

"Jiko halipo. Tunapikia kwenye korido," alisema Mwenye Nyumba, kwa sauti ya mtu anayesema angani hakuna mawingu. Uani, pale ambapo jiko lingekaa, palikuwa na msingi wa saruji wa pembe nne uliofagiliwa ukang'aa. "Sikiliza nikupe utaratibu wa huku. Ukikaribishwa, sema asante mapema. Ukizubaa, utashtukia mtu kakufikia na nyumba yake. Wewe mwenyewe sema karibu kadiri upendavyo. Mgeni karibu yake haisogezi hata kijiko. Huna madhara."

Ndivyo mtaa ule ulivyokuwa. Neno lilifanya kazi yake kama lilivyo. Mwenye duka la dawa alikatazwa na wazee kumwambia mteja "karibu tena", kwa sababu duka liliwahi kumfuata mgonjwa mmoja hadi nyumbani na kumkalia kivulini wiki nzima. Tangu hapo akawa anasema "ugua pole" na kufunga dirisha. Aliyekuwa hana shida kabisa ni seremala wa majeneza. Yeye kwa adabu ya kazi yake hakumkaribisha mtu tangu aanze, na karakana yake ndiyo peke yake mtaani iliyokuwa pale pale ilipojengwa. Ukiuliza njia ulielekezwa kuanzia kwake, kwa sababu vingine vyote havikuaminika.

Siku za mwanzo Bi King'ora aliboronga. Mama Viazi, aliyekaanga viazi kwenye kona, alimwita, "Karibu viazi, shoga." Bi King'ora, kwa adabu alizolelewa nazo, akajibu, "Nitakaribia, nitakaribia," huku anaendelea na safari yake. Huku kwetu sote hilo ni jibu la kistaarabu la mtu asiyetaka viazi. Kwa mtaa ule ilikuwa ahadi. Meko, karai la mafuta, benchi na wateja wawili waliokalia benchi vilimfuata nyuma hadi mlangoni kwake, na Mama Viazi anageuza viazi njia nzima bila kumwaga tone. Basi wakala pale barazani wote. Viazi vilikuwa vizuri, na mmoja wa wale wateja akageuka kuwa fundi redio mcheshi sana, aliyekichungulia chumba kupitia mlango na kukisifia.

Taratibu, kwa kweli taratibu, akauzoea mtaa. Akajua nani anafagia mbele ya nyumba yake na nani anasukumia taka za kwake kwa jirani. Akajua bomba gani lina maji ya nguvu na lipi lina maneno ya nguvu. Akajifunza kukaa kwenye benchi la kinyozi asubuhi nzima bila ya kunyolewa, akisikiliza watu wanavyomsema meneja wa benki, na kuondoka akiwa amechoka kwa raha. Mguu wa kulia ukaanza kumsubiri wa kushoto. Koo likanyamaza. Siku moja alitembea nyuma ya bibi mwenye mkongojo kutoka bombani hadi dukani, na alipofika akagundua kwamba hakuwa amemtakia yule bibi jambo lolote baya njia nzima. Furaha iliyompata siku ile hata mshahara wa kwanza haukuwahi kumpa.

Halafu kukaja siku ya paka. Bi King'ora alikuwa barazani na kipande cha mkate, paka wa Mama Viazi amekaa ng'ambo ya barabara anajilamba. "Karibu," alimwambia, kwa mzaha tu. Paka akateleza akavuka barabara akiwa amekaa vile vile, bila ya kusogeza mguu, akasimama mbele ya sahani, akaendelea kulamba ubavu uliobaki.

Kinyozi aliona akiwa mlangoni kwake. "Mama," alisema, "umeshakuwa mwenyeji."

Bi King'ora aliingia ndani akalia. Hakulia kwa huzuni. Maisha yake yote vitu vilikuwa vinamkimbia akija, watu, magari, kuku, hata maaskari. Sasa kuna kitu kimekuja upande wake kwa sababu amekiita, na hakikuwa na haraka. Alifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema, "Karibu," na kiti kibovu kilichokuwa pembeni kikaja kumkalisha.

Ndipo akashikwa na ulevi wa karibu. Alikaribisha kabati, akakaribisha ndoo, akakaribisha jirani mmoja aliyekuwa bafuni na ikabidi aombe radhi. Jioni moja jua likiwa bado lipo, amekaa dirishani, aliona kule mbali nyikani kitu cheusi kidogo kinachotoa moshi. Alikiona kila siku, na siku zote alidhani ni tanuri la mtu wa mkaa. "Karibu na wewe," alikiambia. Kikawa kikubwa kidogo. Akarudia. Kikawa ukubwa wa kiberiti, na kwenye kiberiti kile akaona mlango, na mlangoni mtu amesimama ameweka kiganja juu ya macho anatazama mtaani.

Asubuhi alimuuliza kinyozi. Kinyozi alisafisha mashine yake kwanza, jino kwa jino, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Lile ni jiko," alisema. "Jiko la kwenu hapo."

Ilikuwa hivi. Mwenye Nyumba na mdogo wake walizaliwa katika nyumba ile. Mama yao alipofariki, dada mtu aliona vyumba vinafaa kupangishwa. Mdogo mtu alisema chake hakipangishwi, ndimo alimokulia. Wakazozana msiba mzima. Siku moja mdogo mtu akiwa jikoni uani anakosha sufuria, dada mtu akasimama barazani, mtaa wote unasikia, akamwambia, "Potelea mbali." Jiko likang'oka kwenye msingi. Likapita uani, likapita uwanjani kati ya milingoti ya goli, likaenda zake nyikani na mdogo mtu ndani, na sufuria, na maharage motoni.

"Na nyinyi mkatazama?"

"Tulisogeza kamba za nguo," alisema kinyozi. Alikohoa. "Mimi niliwahi kumkaribisha, mama. Jiko likaja hapa likanizibia mlango. Nikavumilia. Halafu nikaenda kumsalimia shangazi yangu mgonjwa, mwenye neno nimeondoka, likarudi lilikotoka. Yule wa ndani alikuwa ameinjika maharage tena. Sikurudia. Haya ni mambo ya watu na ndugu yao."

Bi King'ora alirudi chumbani, akavitazama vile vistari vya kalamu pembeni mwa mlango, na raha yote aliyokuwa nayo mle ndani ikamtoka. Alikuwa analala kwenye chumba cha mtu. Alimfuata Mwenye Nyumba kwenye korido, akamkuta amechuchumaa mbele ya jiko la mafuta ya taa, moshi umemjaa machoni.

"Dada, kwa nini humwiti mdogo wako?"

"Nimwite mimi? Kwani mkubwa nani?" Mwenye Nyumba hakuinua kichwa. "Mdogo ndiye anayeomba radhi. Na amekaa na sufuria zangu."

"Ataombaje radhi akiwa kule?"

"Apige kelele. Mdomo anao."

Bi King'ora hakubishana. Kazi yake ilimfundisha kwamba majeruhi anachukuliwa kwanza, aliyemgonga anahojiwa baadaye. Kila asubuhi Mwenye Nyumba akienda sokoni, yeye alikaa dirishani akasema karibu, tena akasema polepole, maana aligundua akiharakisha jiko linayumba. Lilikuja likipindua majani ya nyika. Lilipofika uwanjani palikuwa na mechi; mwamuzi alipuliza filimbi, wachezaji wakalipisha, kipa akaliacha lipite katikati ya milingoti, na goli halikuhesabiwa. Majirani walishusha nguo kwenye kamba. Seremala wa majeneza alivuta mbao zake pembeni, akavua kofia, kisha akaivaa tena. Jiko likavuka ua, likatua kwenye msingi wake wa saruji, likakaa sawasawa.

Mdogo mtu akatoka. Alikuwa mwembamba, ameshika mwiko, nywele zimeanza mvi upande mmoja. Alilitazama dirisha la chumba chake na mwanamke aliyekaa dirishani.

"Ni wewe uliyekuwa unaniita?"

"Ni mimi, mdogo wangu. Karibu."

"Nimeshakaribia," alisema mdogo mtu, akacheka kidogo, ikaonekana kwamba alikuwa hajacheka siku nyingi na anajaribu kama bado inawezekana. "Nilidhani ni dada."

Dada akarudi kutoka sokoni. Mtaa wote ulikuwa na shughuli za ghafla karibu na ua ule. Kinyozi mwenyewe alikuwa amesimama na mteja mwenye povu shavuni. Mwenye Nyumba aliweka kikapu chini. Aliliangalia jiko, akaangalia ndani, akatoka na sufuria kubwa.

"Imeungua kitako," alisema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliigeuza sufuria upande wa pili. "Ilikuwa mpya hii." Kisha, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza, akaongeza, "Haya, karibu, mgeni."

Jiko halikusogea hata unywele. Kila mtu aliona, na kila mtu akatazama kitu kingine.

"Dada, nataka chumba changu."

"Chumba kina mpangaji. Huoni mtu dirishani? Wewe kaa huko jikoni ulikozoea. Nani kakufukuza?"

Bi King'ora alisema atahama, hata sasa hivi. Mwenye Nyumba alimjibu kwa upole kabisa. "Hama, mama, huna deni. Fundi redio anakitaka chumba hicho tangu siku ile ya viazi. Nitampa kesho." Ikawa wazi kwa kila mtu pale uani kwamba chumba kingemwendea yeyote duniani isipokuwa aliyekulia ndani yake.

Hata hivyo dhamiri ya Bi King'ora ilikuwa inamwasha. Asubuhi iliyofuata alifunga sanduku, akamwambia mdogo mtu, "Nikitoka, wewe ingia haraka, ukae kitandani, atakutoa nani?" Akaburuta sanduku kuelekea stendi. Alikuwa ameufikiria mtaa mwingine, mji mwingine, benchi jingine. Alipofika usawa wa kinyozi alisikia mabati yanalia nyuma yake, akakumbuka habari ya shangazi wa kinyozi. Akageuka. Jiko lilikuwa limeshang'oka, linapita kwenye kamba za nguo, na mdogo mtu, aliyeingia mara moja tu kuchukua mto wake, anaonekana dirishani mwa jiko na mto kifuani.

Bi King'ora aliacha sanduku barabarani. Mguu wa kulia ukakanyaga, na wa kushoto safari hii haukununa. Koo likafunguka, king'ora kikalia kupanda na kushuka mtaa mzima. Mama Viazi akavuta karai, bibi mwenye mkongojo akarukia baraza kwa wepesi ambao hakuuonyesha tena, fundi redio aliyekuwa njiani na godoro lake kichwani akaangukia mtaroni nalo. Bi King'ora akaingia chumbani kupitia dirisha, kifua kinapanda na kushuka, akageuka akasema, "Karibu." Jiko likasimama kati ya milingoti ya goli. "Karibu, karibu." Likarudi mdogo mdogo, likakaa.

Mdogo mtu alikuja akasimama chini ya dirisha. Mto ulikuwa na majani ya uwanjani.

"Usihame," alisema.

"Ni chumba chako."

"Najua ni changu. Lakini hapa anayeniambia karibu ni wewe. Ukiondoka na neno lako linaondoka, na mimi naondoka nalo." Alikung'uta majani moja moja. "Nimechoka kuona kwetu padogo, mama. Kule palikuwa padogo mno."

Basi Bi King'ora akabaki. Alimwandikia mwanawe mkubwa kwamba safari inaendelea vizuri na amekwisha kwenda mbali sana, hadi chumba cha watu. Alilala kwenye kitanda kile kwa aibu, na kwa kuwa kilikuwa kitanda kizuri, alilala vizuri, na hilo nalo likamwongezea aibu. Mara mbili alimuomba Mwenye Nyumba amwambie mdogo wake neno moja tu la kweli. Mara zote mbili Mwenye Nyumba alishangaa na kusema mbona alishamkaribisha, mbele za watu.

Mwenye Nyumba alinawiri. Moshi wa korido uliisha, na mdogo mtu akapikia wapangaji wote, kwa kuwa ndiye aliyekaa jikoni. Sokoni wanawake walimsifu kwa moyo wake mkubwa wa kumpokea ndugu baada ya yote yaliyopita. Alizipokea sifa kwa unyenyekevu, akasema mtu hana budi kusamehe. Mtaa nao ulirudi kwenye shughuli zake. Kamba za nguo zikatundikwa palepale, ila sasa kwa fundo la kufungua upesi.

Kila asubuhi mdogo mtu huvuka ua na kikombe cha chai, hupanda ngazi za nyuma, husimama mbele ya mlango ambao ufunguo wake alicheza nao akiwa mtoto, na hubisha.

"Hodi."

"Karibu," husema Bi King'ora kutoka ndani, haraka, kwa sauti kubwa, kabla jiko halijapata wazo lolote.

Na Mwenye Nyumba, akipita koridoni na funguo zake shingoni, husema bila kusimama, "Mama, mwambie mgeni wako afute miguu."

Mdogo mtu hufuta miguu, akaingia kwao.